Kwa nini Wakristo huanzisha makanisa mapya na jumuiya ndogo

KATIKA mitaa mingi ya Dar es Salaam, kanisa jipya huanza bila jengo. Huanza sebuleni, watu sita au saba wakiwa wameketi kwenye makochi na mikeka. Baadaye huhamia kwenye darasa la shule lililokodishwa kwa siku ya Jumapili, kisha chini ya turubai, na miaka ikipita hupatikana mabati na matofali. Mengi hayafiki kwenye matofali.

Jirani anayekoseshwa usingizi na spika za mkesha huwa na maelezo mafupi kuhusu jambo hili: ni biashara. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini hayatoshi.

Biashara haielezi kwa nini mtu aliyebatizwa, akapata kipaimara na kufunga ndoa katika kanisa la wazazi wake, aamue akiwa na umri wa miaka 40 kwenda kuketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya mhubiri asiye na shahada ya theolojia. Wala haielezi kwa nini Kanisa Katoliki, ambalo halikukosa majengo wala maaskofu, liliamua nusu karne iliyopita kuwagawa waumini wake katika vikundi vidogo vya majirani vinavyosali majumbani.

Kanisa linalojitenga na jumuiya ndogo inayobaki ndani ya kanisa hutazamwa kwa kawaida kama mambo mawili yasiyohusiana. Hata hivyo, historia ya Ukristo katika Afrika inaonyesha kuwa yote mawili hujibu swali moja. Muumini akifiwa, akiugua au akidharauliwa, ni nani anayemjua kwa jina, na ataenda kwa nani?

Kujitenga kulianza mapema. Mwaka 1892, mchungaji Mangena Mokone alijitoa katika Kanisa la Kimethodisti na kuanzisha Kanisa la Ethiopia mjini Pretoria, Afrika Kusini. Hakuwa na mafundisho mapya. Alichokikataa ni utaratibu uliowatenga wachungaji Waafrika na wenzao Wazungu, huku wote wakihubiri Injili moja.

Msomi wa Kiswidi, Bengt Sundkler, aliyeyachunguza makanisa ya aina hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1948, aliyagawa katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni yale yaliyojitenga kwa sababu ya uongozi na heshima, yakabaki na ibada ile ile ya zamani. La pili ni yale ya manabii, maono na uponyaji. Sundkler huyo ndiye aliyekuja kuwa askofu wa Kilutheri Bukoba kuanzia mwaka 1961, akafuatiwa mwaka 1964 na Josiah Kibira.

Mgawanyo wake bado una manufaa, ingawa katika maisha halisi makundi hayo huchanganyika. Mtu hudharauliwa na kuugua katika mwaka mmoja.

Katika Afrika Mashariki, hakuna mahali panapoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi ya magharibi mwa Kenya. Yohana Owalo, Mjaluo aliyepitia misheni za Kikatoliki na za Kiprotestanti, alisema alipata maono mwaka 1907. Kanisa lake la Nomiya, ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza la Waafrika kujitegemea nchini Kenya, lilikuwa limeshika mizizi kufikia mwaka 1914.

Mwaka 1929 mgogoro ukahamia katika nchi ya Wakikuyu. Misheni kadhaa za Kiprotestanti ziliwataka waumini na walimu wao waukane hadharani ukeketaji wa wasichana, na waliokataa wakaondolewa. Maelfu ya watu walitoka kwa kipindi kifupi.

Ukeketaji leo ni kosa la jinai katika Kenya na Tanzania, na msomaji wa sasa anaweza kudhani kwamba waliotoka walikuwa wakitetea kisu tu. Suala lilikuwa pana zaidi. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni, hivyo aliyefukuzwa kanisani alipoteza pia dawati la mtoto wake. Ndiyo maana waliojitenga walijenga kwanza shule zao, ndipo wakatafuta wachungaji.

Kwa kuwa hawakuwa na askofu wa kuwawekea mikono, walimwita Daniel William Alexander, askofu mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika kutoka Afrika Kusini, aliyewasili mwaka 1935. Baadhi ya waliopata mafunzo kwake waliendelea hadi kupokelewa na Patriaki wa Aleksandria mwaka 1946. Waorthodoksi wa Kenya wa leo wana asili hiyo: walitoka katika kanisa moja, na njia yao ikawafikisha katika jingine la kale zaidi.

Serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo za kujitegemea mwaka 1952, baada ya kutangazwa hali ya hatari wakati wa vita vya Mau Mau.

Sababu nyingine ilitoka mahali ambapo wamisionari hawakuitarajia, nayo ni tafsiri ya Biblia. David Barrett, mmisionari wa Kianglikana aliyefanya kazi Nyanza, alichapisha mwaka 1968 uchunguzi wa vikundi vya kidini 6,000 hivi barani Afrika. Miongoni mwa mambo aliyoyaona kuwa na uhusiano mkubwa na kujitenga ni kuwapo kwa Maandiko katika lugha ya watu wenyewe.

Si vigumu kuona kwa nini. Kabla ya hapo, muumini alikuwa na neno la mmisionari tu. Baada ya hapo alikuwa na kitabu, na ndani yake akawakuta Ibrahimu na Yakobo wenye mke zaidi ya mmoja, manabii waliota ndoto, na mitume waliowawekea wagonjwa mikono. Aliyeambiwa awaache wake zake wawili ndipo abatizwe alikuwa na swali ambalo hapo awali asingeweza kuliuliza.

Makanisa kadhaa yalizaliwa na swali hilo. Kwenye mpaka wa Nyasaland na Tanganyika, katika miaka ya 1920, lilianza kanisa lililowakubali wenye wake wengi kuwa waumini kamili, badala ya kuwaacha nje ya Meza ya Bwana maisha yao yote.

Biblia nzima kwa Kijaluo ilipatikana mwaka 1953. Miaka minne baadaye, mwaka 1957, mchungaji Mwanglikana Matthew Ajuoga na wenzake walijitenga na kuanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika. Waliitwa Johera, yaani watu wa upendo. Jina hilo lilikuwa ujumbe kwa upande waliotoka: wao walipungukiwa na upendo.

Kanisa hilo, pamoja na Kanisa la Israeli la Kiafrika Nineve lililoanzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942, lilichunguzwa na F. B. Welbourn na mwanahistoria Bethwell Ogot katika kitabu cha mwaka 1966. Jina la kitabu hicho linaweza kufasiriwa kuwa mahali pa kujisikia nyumbani. Wachunguzi wengi waliokuja baadaye wameandika kurasa nyingi zaidi bila kuongeza mengi juu ya maneno hayo machache.

Mwaka 1963, katika Nyanza hiyo hiyo, alitokea mwanamke kijana aitwaye Gaudencia Aoko. Alikuwa amefiwa na watoto wake wawili ghafla. Alianza kuzunguka vijijini akiombea wagonjwa, akibatiza na kuchoma hirizi na dawa za uchawi, na umati ukamfuata. Akiwa pamoja na Simeo Ondeto, aliyekuwa katekista wa Kikatoliki, alianzisha Legio Maria, mojawapo ya makanisa makubwa yaliyowahi kujitenga na Kanisa Katoliki katika Afrika.

Waumini wa Legio Maria waliendelea kusali rozari, kuvaa mavazi ya ibada na kutumia Kilatini, hata baada ya Roma yenyewe kuruhusu lugha za wenyeji. Kwa maneno mengine, hawakuuchukia Ukatoliki. Walitaka Ukatoliki ambao ungekaa na mama aliyefiwa na watoto wawili, ukasema naye juu ya kifo na uchawi bila kumcheka.

Jambo hilo la uponyaji lilikuwa kubwa kote barani. Simon Kimbangu alihubiri na kuombea wagonjwa huko Nkamba, Kongo ya Wabelgiji, kwa miezi michache tu ya mwaka 1921 kabla ya kukamatwa. Alihukumiwa kifo, adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na alifia gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Kanisa lililobeba jina lake lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni mwaka 1969.

Makanisa ya misheni hayakupuuza wagonjwa. Hospitali kubwa za Bugando mjini Mwanza na KCMC mjini Moshi, zilizofunguliwa mwaka 1971, ni kazi ya mikono ya Wakristo. Lakini hospitali ilipojengwa, maombi juu ya mgonjwa yalihamishwa polepole kutoka ibadani na kuachiwa daktari. Daktari hueleza ugonjwa. Hana nafasi, wala si kazi yake, kumjibu mgonjwa anayeuliza kwa nini ni yeye, na kwa nini sasa.

Kiu hiyo ilionekana wazi mwaka 2011, pale mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, alipotoa kikombe cha dawa ya mti kwa Sh500 katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Misururu ya magari ilienea kwa kilometa nyingi, na ndani yake walikuwamo Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste na Waislamu. Mzee huyo, aliyefariki dunia mwaka 2021, hakuanzisha kanisa. Angetaka, waumini walikuwa wamekwisha kupanga foleni.

Si kila uamsho uliishia katika kujitenga. Ule ulioanza Gahini nchini Rwanda mnamo miaka ya 1930 ulisambaa Uganda, Kenya na Tanganyika, na wafuasi wake walio wengi wakabaki Waanglikana na Walutheri. Neno walokole, ambalo leo hutumiwa kwa kila anayesema ameokoka, limetoka kwao. Asili yake ni Kiganda.

Walichofanya ni kukutana katika vikundi vidogo kila wiki, kuungama mbele ya wenzao na kuitana ndugu bila kujali kabila. Jumapili walikwenda kanisani kama kawaida. Walikuwa wamepata mahali pa kujisikia nyumbani bila kuhama nyumba, ingawa wapo wenzao waliolalamika kwamba walokole waliwahukumu wengine kupita kiasi, na manung'uniko hayo ni miongoni mwa yaliyowatoa Johera.

Kanisa Katoliki lilifikia uamuzi kama huo kwa njia ya maaskofu. Mkutano wa Shirikisho la Mabaraza ya Maaskofu wa Afrika Mashariki, AMECEA, uliofanyika Nairobi mwaka 1973, uliamua kwamba uhai wa Kanisa ujengwe juu ya jumuiya ndogo za mahali watu wanapoishi na kufanya kazi. Mwaka 1976 maaskofu walikutana tena wakiwa na mada hiyo peke yake. Kongo ilikuwa imekwisha kuanza safari hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Sababu zilikuwa wazi kwa yeyote aliyewahi kuishi kigangoni. Padre mmoja alihudumia vijiji vingi, na vingine alivifikia mara chache kwa mwaka. Parokiani kwenyewe watu mamia walipokea komunyo bega kwa bega bila kujuana majina.

Tanzania ilikuwa na udongo ulioandaliwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeleta vijiji vya ujamaa, na wapo viongozi wa Kanisa walioona humo sura ya Wakristo wa kwanza waliokutana nyumbani kwa watu kama Akila na Priska. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda mbali zaidi ya wenzake: alijiunga na kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga na kufanya kazi na wanakijiji.

Vijiji vya ujamaa vimepita, jumuiya zimebaki. Kila moja huwa na familia kadhaa za mtaa mmoja, jina la mtakatifu msimamizi, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na wanaozibeba kwa vitendo mara nyingi ni akina mama. Hukutana mara moja kwa wiki, alfajiri au jioni, kwa zamu ya nyumba. Husomwa Injili ya Jumapili inayofuata, watu huieleza kwa maisha yao, huombewa wagonjwa, kisha huja matangazo na michango. Walutheri nao wana jumuiya zao za nyumba kwa nyumba zilizo chini ya mitaa na sharika.

Thamani yake huonekana siku ya msiba. Mpangaji aliyehamia mjini kutoka Kagera au Ruvuma, asiye na ukoo karibu, hufiwa usiku. Kabla ndugu hawajapata nauli, watu wa jumuiya wamekwisha kutandika mikeka, kuanza rozari na kuandika daftari la rambirambi.

Lakini chombo hicho kina upande mwingine, na Wakatoliki wenyewe huuzungumzia kwa sauti ya chini. Katika parokia nyingi, anayetaka ubatizo wa mtoto, ndoa au mazishi ya Kikristo hutakiwa kupata uthibitisho wa jumuiya yake. Asiyehudhuria, au aliyerudi nyuma katika michango, huulizwa. Ugomvi mchungu zaidi hutokea jeneza likiwa tayari na familia ikaambiwa marehemu hakuwa akisali jumuiya. Kilichoanzishwa ili watu wajuane hugeuka hapo kuwa dirisha la ukaguzi, na wapo wanaotoka kwenye mazishi ya namna hiyo wakielekea kwenye turubai la mtaa wa pili.

Ukweli ni kwamba sababu za kujitenga si za kiroho kila mara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Walutheri wa Meru, mkoani Arusha, waligawanyika vikali kuhusu kuwa na dayosisi yao nje ya Dayosisi ya Kaskazini yenye makao makuu Moshi. Hapakuwa na ubishi kuhusu ubatizo wala Meza ya Bwana. Ugomvi, uliofikia vurugu, ulikuwa juu ya nani aongoze na mali isimamiwe wapi. Ulizaa Dayosisi ya Meru ndani ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania na pia kanisa jingine lililojitenga.

Miongoni mwa Wapentekoste hali ni hiyo hiyo. Mhubiri mashuhuri Moses Kulola, aliyefariki dunia mwaka 2013, alianzisha EAGT mwaka 1991 baada ya kutoka katika Tanzania Assemblies of God. Msikilizaji wa kawaida angepata taabu kutofautisha mahubiri ya pande hizo mbili.

Pale ambapo kila mwenye wito anaweza kuanzisha huduma yake, kijana mwenye kipaji hana haja ya kusubiri miaka 20 chini ya mchungaji kiongozi. Hujiita mtume au nabii, vyeo ambavyo havipewi na sinodi yoyote. Hapo ndipo hesabu za jirani anayelalamikia spika zinapokuwa na uzito, kwa kuwa sadaka na fungu la kumi huingia mahali pasipo na mkaguzi. Fedha hueleza vizuri kwa nini baadhi ya waanzilishi hawataki kusimamiwa. Hazielezi kwa nini watu walikuja.

Mji nao umechangia. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta Dar es Salaam ina watu chini ya milioni 2.5, ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya milioni 5.3. Mitaa mipya huota haraka kuliko parokia na sharika, na turubai halihitaji kamati ya ujenzi. Hakuna anayeweza kutaja kwa uhakika mgawanyo wa waumini hao, kwa sababu sensa za Tanzania hazijauliza dini tangu ile ya mwaka 1967.

Ukaribu wa kikundi kidogo, ambao ndio nguvu yake, umekuwa pia hatari yake. Machi 17, 2000, mamia ya wafuasi wa kundi lililotokana na Wakatoliki liliteketea kwa moto katika jengo lao la ibada huko Kanungu, Uganda, na miili zaidi ikafukuliwa baadaye. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Kenya, ambako wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie wanadaiwa kushawishiwa kufunga hadi kufa. Yeye na washitakiwa wenzake walikana mashitaka.

Katika matukio yote mawili wafuasi walikuwa wameuza mali na kujitenga na ndugu. Walipata mahali wanapojulikana kwa majina, lakini nje ya hapo hawakubakiwa na mtu wa kuwauliza hali zao. Juu ya waanzilishi hapakuwa na askofu, sinodi wala baraza la wazee lenye uwezo wa kuwaondoa.

Serikali zimejibu kwa namna tofauti. Rwanda ilifunga mamia ya makanisa mjini Kigali mwaka 2018 kwa sababu za usalama, usafi na kelele, ikatunga sheria inayomtaka kiongozi wa dini awe na elimu ya chuo kikuu ya mambo ya dini, na mwaka 2024 ikafunga mengine kwa maelfu. Kenya ilisimamisha usajili wa makanisa mapya mwaka 2014, na baada ya Shakahola ikaunda kikosi kazi cha kupendekeza namna ya kuyasimamia.

Makanisa makongwe hayakuzipokea hatua hizo kwa kauli moja. Wapo viongozi waliounga mkono usimamizi mkali, na wapo waliokumbusha kwamba Kimbangu naye alifungwa na serikali iliyosema inalinda utulivu.

Tanzania huyasajili makanisa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 337, kwa Msajili wa Jumuiya aliye katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Waombaji hutakiwa kuwasilisha katiba na kuwataja viongozi wao, na msajili anao uwezo wa kukifuta chama. Sheria hiyo inahusu umoja wa watu 10 au zaidi. Wale sita au saba wa sebuleni bado hawajaifikia.